Braes: Kitongoji Kilichodai Mlima Wake

Kusini ya mji wa Portree, katika kisiwa cha Skye, magharibi mwa Uskoti, kuna kibarabara kinachoachana na barabara kuu na kufuata pwani. Ni chembamba kiasi kwamba magari mawili yakikutana, moja sharti lirudi nyuma hadi penye nafasi ya kupishana. Kinapita Ollach, Gedintailor na Balmeanach, kisha kinafia Peinchorran, kwenye mdomo wa ghuba ndefu iitwayo Loch Sligachan. Mbele ya hapo hakuna njia. Vitongoji hivi kwa pamoja huitwa Braes, au Am Bràighe kwa Kigaeli, lugha ya mababu wa wenyeji.

Mgeni anayefika Peinchorran hutazama kusini kwanza. Ng'ambo ya ghuba umesimama Glamaig, mlima wa mawe mekundu wenye umbo la pia, mita 775 kutoka usawa wa bahari. Akigeuka mashariki anaona mlango wa bahari, na ng'ambo yake kisiwa cha Raasay chenye kilele kilichokatwa bapa kiitwacho Dùn Caan. Kamera hazitoki hapo. Nyuma ya nyumba, upande wa magharibi, kuna mlima wa tatu ambao watalii hawaushughulikii. Ni wa mita 445 tu, mgongo wake umeviringika, umefunikwa nyasi ngumu na vichaka vifupi vinavyotoa maua ya zambarau mwishoni mwa kiangazi. Unaitwa Ben Lee. Historia yote ya Braes inayostahili kusimuliwa imeufuata mlima huo usio na sura.

Ili kujua kwa nini, lazima kwanza tujue watu hawa walikuwa wakulima wa namna gani. Mkulima wa Braes alikuwa na krofti: kipande cha ardhi cha ekari chache, mara nyingi ukanda mwembamba unaoteremka hadi ufukweni, alichokodi kwa mwenye mali na kujenga nyumba yake juu yake. Pamoja na ukanda huo alikuwa na fungu katika malisho ya pamoja ya kitongoji. Kila krofti ilipangiwa idadi ya wanyama inayoruhusiwa kupeleka mlimani, na ng'ombe mmoja akahesabiwa sawa na kondoo kadhaa. Ukanda wenyewe haukutosha kulisha familia mwaka mzima. Braes iko latitudo ya digrii 57 kaskazini, na mwishoni mwa Desemba mwanga wa mchana haudumu kwa saa saba kamili. Tangu vuli hadi machipuko majani hayaoti. Wanyama wakibaki kwenye ukanda wakati wa kiangazi, watakula majani yale yale yanayopaswa kukatwa na kukaushwa kwa ajili ya baridi. Kwa hiyo ilikuwa lazima wapande mlimani. Krofti bila mlima ni kiwanja cha nyumba chenye bustani ya viazi.

Kulima kwenyewe kulikuwa kazi ya mwili. Penye mteremko na mawe, plau ya farasi haikupita, na wengi hawakuwa na farasi. Walitumia chombo kiitwacho cas-chrom, yaani mguu uliopinda: mti mrefu wenye kiwiko karibu na ardhi, ncha yake imevikwa chuma, na kigingi cha kukanyagia. Mkulima hukanyaga, hukandamiza mpini, hugeuza bonge la udongo, kisha hupiga hatua moja nyuma, na hivyo kinyumenyume hadi mwisho wa shamba. Udongo ulikuwa haba mno, wakaukusanya na kuinua matuta mapana juu ya mwani uliobebwa kwa vikapu kutoka ufukweni, na mbebaji mara nyingi alikuwa mwanamke. Juu ya matuta hayo walipanda viazi, shayiri na oti. Nyumba ilikuwa na kuta nene za mawe yasiyo na chokaa na paa la nyasi. Watu walikaa upande wa juu na ng'ombe upande wa chini, katikati moto usiozimwa. Kuni hazikuwapo, miti ni adimu kule. Walichoma udongo mweusi wa kinamasi, uliokatwa mlimani mfano wa matofali na kuanikwa ukakauka. Hata moto wa jikoni, basi, ulitoka mlimani.

Mfumo huu wa krofti si wa kale kama watu wengi wanavyodhani. Zamani nchi hiyo ilikuwa ya ukoo wa Macdonald, na chifu aliwagawia watu wake ardhi naye akawategemea kwa vita. Hati hazikuwapo, wala hakuna aliyeziona kuwa na haja. Baada ya mapigano ya Culloden mwaka 1746, serikali ya London ilivunja nguvu za machifu wa nyanda za juu za Uskoti. Chifu asiyehitaji tena askari akagundua kwamba anahitaji fedha. Polepole akawa kabaila wa kawaida, mwenye nyumba Edinburgh au London na madeni ya kulingana nazo, ingawa watu waliendelea kumwona kama baba wa ukoo kwa vizazi kadhaa zaidi. Kosa hilo la kumwamini ndilo lililowagharimu.

Fedha zilipatikana kwanza kwenye mwani. Tofauti na akina mama wa Paje, Zanzibar, wanaouanika na kuuza mkavu, watu wa visiwa hivi waliuchoma kwenye mashimo ya ufukweni hadi ukawa jivu zito, na jivu hilo likauzwa kwa viwanda vya sabuni na kioo. Zilihitajika takriban tani 20 za mwani mbichi kupata tani moja ya jivu. Wakati wa vita dhidi ya Napoleon bidhaa kama hiyo kutoka Hispania ilikuwa ngumu kupatikana, bei ikapanda, na faida ikaingia mifukoni mwa makabaila. Mchomaji alipata ujira mdogo ambao ulirudi kwa kabaila kama kodi. Ni katika miaka hiyo ya mwanzo wa karne ya 19 ndipo mashamba ya zamani yaliyolimwa kwa ushirika yalipokatwakatwa kuwa krofti. Zilifanywa ndogo kwa makusudi. Mtu anayejitosheleza kwa shamba lake angekwenda kusimama kwenye maji baridi kuvuna mwani kwa sababu gani?

Vita vikaisha mwaka 1815, bidhaa za nje zikarudi, bei ya jivu ikaanguka. Watu wakabaki na vipande vidogo na kazi imepotea. Kisiwa cha Skye kilikuwa na watu zaidi ya 23,000 mwaka 1841, idadi ambayo hakijaifikia tena hadi leo. Mwaka 1846 bakajani ikaangamiza viazi, chakula chao kikuu. Kwa kabaila hesabu ilikuwa nyepesi: mfugaji mmoja wa kondoo kutoka kusini analipa kodi kubwa, kwa wakati, tena halii njaa. Vitongoji vikaanza kusafishwa. Mwaka 1853, katika mali ya Lord Macdonald, kabaila wa Braes, watu wa Boreraig na Suisnish, kusini mwa Skye, walitolewa nyumbani kwao. Wengi wa waliotolewa katika miaka hiyo walipandishwa meli za kwenda Kanada na Australia.

Raasay, kile kisiwa kinachotazamana na Braes, kilinunuliwa mwaka 1843 na George Rainy. Mtu huyu alikuwa amechuma utajiri wake Demerara, Guyana ya leo, katika biashara ya sukari iliyolimwa na watumwa. Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza alikuwa miongoni mwa waliolipwa fidia na serikali. Watumwa, kama tujuavyo, hawakulipwa kitu. Mtu huyo akawaondoa watu wa kitongoji baada ya kitongoji, Hallaig ikiwamo, upande wa mashariki wa kisiwa usioonekana kutoka Braes, na mashahidi wa baadaye walieleza kwamba alikataza vijana kuoana ili wapangaji wasiongezeke. Familia nyingine zilisukumwa hadi Rona, kisiwa cha miamba mitupu kaskazini yake.

Braes haikusafishwa. Mwaka 1865 ilifanyiwa jambo la kimyakimya zaidi: wasimamizi wa Lord Macdonald waliuchukua Ben Lee wakamkodisha mfugaji wa kondoo. Kila familia ilibaki na ukanda wake na nyumba yake. Kodi haikupunguzwa. Kwenye vitabu hakuna aliyefukuzwa, na kwa mtu wa mjini hilo huenda lingeonekana dogo. Lakini tumekwisha kuona krofti bila mlima ni nini. Ng'ombe wakapungua na pamoja nao maziwa na samadi, na wanaume wakazidi kwenda mbali kutafuta fedha za kodi, hasa kwenye uvuvi.

Uvuvi huo uliwafikisha Ayalandi. Wanaume wa Skye walikwenda kila msimu Kinsale, kusini mwa nchi hiyo, na huko wakakuta wakulima waliokuwa wamegoma kulipa kodi kwa makabaila wao, na waliokuwa wanashinda. Mwaka 1881 bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowapa wakulima wa Ayalandi haki ya kutofukuzwa ovyo na ya kupangiwa kodi na mahakama. Wavuvi walirudi nyumbani na habari hizo, na zikafika kwa wakati wake, kwani mkataba wa mfugaji wa Ben Lee ulikuwa unakaribia kwisha mwaka 1882. Watu wa Braes wakapeleka ombi kwa kabaila: turudishieni mlima. Wakakataliwa. Basi wakatangaza kwamba hakuna kodi itakayolipwa mpaka mlima urudi. Kumbuka walichodai ni kitu kimoja kinachoonekana kwa macho, na wazee waliowahi kuchunga huko walikuwa bado hai. Kwa maoni yangu ndiyo maana hawakuyumba.

Tarehe 7 Aprili 1882 tarishi wa mahakama alifika na notisi za kuwafukuza baadhi yao. Umati ukamzunguka njiani na kumlazimisha azichome notisi hizo yeye mwenyewe. Kwa sheria ya Uskoti, kumzuia tarishi kutimiza kazi yake ni kosa la jinai, kwa hiyo shauri likatoka mikononi mwa kabaila na kuingia mikononi mwa dola. William Ivory, sherifu wa jimbo la Inverness, cheo kinachounganisha uhakimu na mamlaka ya kusimamia amani, hakuwa mtu wa kubembeleza. Polisi wa kisiwa walihesabika kwa vidole, hivyo aliagiza takriban 50 kutoka Glasgow.

Katikati ya Aprili, alfajiri, mvua ikinyesha, msafara ulitoka Portree kwa miguu. Waliingia vitongojini watu wakiwa hawajajiandaa, wakawakamata wanaume watano waliowataka, na hadi hapo mpango ulikuwa umefaulu. Tatizo lilikuwa kurudi. Njia ya kutokea Braes wakati huo ilipita mahali panapoitwa An Cumhang, wembamba, penye genge upande mmoja na mteremko wa baharini upande wa pili. Wenyeji walikwisha kupanda juu. Wanaume walikuwapo, lakini wanahabari waliofuatana na msafara waliandika zaidi juu ya wanawake, waliosimama mbele, wakarusha mawe na kuwashika polisi mwilini. Polisi walipiga kwa virungu, wakarudishwa, wakashambulia tena, na mwishowe wakapenya na wafungwa wao. Pande zote mbili zilitoka na damu vichwani. Hakuna aliyekufa.

Watano hao walifikishwa mahakamani Inverness bila baraza la wazee wa mahakama, wakatozwa faini, na faini hizo zikalipwa na watu waliowaunga mkono kabla jioni haijaingia. Kisheria Braes ilishindwa. Lakini magazeti ya Uingereza yalikuwa yamekwisha kuchapisha habari ya akina mama wa Skye waliopigwa virungu kwenye mvua, na serikali ya waziri mkuu Gladstone, iliyokuwa na Ayalandi ya kuiumiza kichwa, haikutaka Ayalandi ya pili kaskazini. Kiangazi hicho watu wa Braes wakapandisha mifugo yao Ben Lee bila ruhusa ya mtu. Tarishi aliyeletwa kuwazuia alipokewa kwa mawe tena. Mwishoni mwa mwaka kabaila akakubali kuwakodisha mlima wenyewe, nao wakakubali kuulipia. Kwa hiyo walilipa kwa ajili ya kitu walichoamini ni chao. Kuna wanaoliona hilo kuwa ushindi nusu. Mimi nadhani walipiga hesabu wakaona kwamba mlima wa kulipia una nyasi zile zile.

Moto huo ulikwisha kuruka. Glendale, upande wa pili wa Skye, nako walipandisha mifugo kwenye malisho waliyonyimwa. Mwaka 1883 John MacPherson wa huko na wenzake walihukumiwa kifungo cha miezi miwili Edinburgh, wakatoka wakiwa mashujaa wa taifa. Mwaka 1884 serikali ilituma manowari na askari wa majini Skye. Hawakuwa na mtu wa kupigana naye.

Wakati huo huo serikali ilikuwa imeunda tume ya kuchunguza hali ya wakulima wa krofti, chini ya Lord Napier, aliyewahi kuwa gavana wa Madras huko India. Wengi wa wajumbe wake walikuwa wenye ardhi wenyewe, na wakulima hawakutegemea kitu. Tume ilifanya kikao chake cha kwanza papo hapo Braes, tarehe 8 Mei 1883. Shahidi wa kwanza alikuwa Angus Stewart wa Peinchorran, aliyesema kwa Kigaeli kupitia mkalimani. Kabla ya kujibu swali la maana aliomba kwanza ahakikishiwe kwamba hatafukuzwa kwenye shamba lake kwa sababu ya ushahidi wake. Napier alimjibu kwamba tume haina uwezo wa kumpa hakikisho hilo. Sidhani kuna ukurasa mwingine katika majuzuu yale mazito unaoeleza hali ya mpangaji kwa ufupi kama mazungumzo hayo: mwakilishi wa Malkia ameketi mbele yake, na bado mtu anayeogopwa ni msimamizi wa shamba. Hata hivyo Stewart alisema. Akaeleza mlima ulivyochukuliwa, kodi ilivyobaki pale pale, na watu walivyosongamana. Baada yake tume ilizunguka visiwa na nyanda zote, ikasikiliza mashahidi zaidi ya 700.

Ripoti ilitoka mwaka 1884. Mwaka huo huo haki ya kupiga kura ilipanuliwa, na wanaume wenye krofti wakapata kura kwa mara ya kwanza. Mwaka 1885 wakapeleka bungeni wabunge wao wenyewe, wakiwashinda wagombea wa makabaila katika majimbo ambayo kabaila alizoea kuyaona kama sehemu ya samani zake. Mwezi Juni 1886 sheria ya krofti ikapitishwa. Haikufuata sana mapendekezo ya Napier; ilinakili zaidi ile ya Ayalandi. Mkulima anayelipa kodi hawezi kufukuzwa. Kodi itapangwa na tume maalumu. Akiondoka atalipwa fidia ya nyumba na kazi aliyoifanya, kwani kabla ya hapo nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ilibaki kwa kabaila bila malipo. Na anaweza kumrithisha mtu wa familia yake krofti hiyo. Tume ilipoanza kuzunguka, ilipunguza kodi kwa wastani wa takriban robo na kufuta madeni mengi ya nyuma. Kwa maneno mengine, ilikiri kwamba wakulima walikuwa wametozwa kupita kiasi.

Miongo iliyofuata naipita haraka kwa kuwa haina mawe wala virungu. Vijana walikwenda Glasgow, walikwenda baharini, walikwenda kwenye vita viwili, na wengi hawakurudi kulima. Mfumo wa krofti uliwafaa wazee kubaki, haukuwafaa vijana kuishi. Mshairi Somhairle MacGill-Eain, mzaliwa wa Raasay mwaka 1911 na mwandishi wa shairi mashuhuri kuhusu Hallaig iliyosafishwa, alihamia Peinchorran alipostaafu ualimu na akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1996. Nyumba yake ilitazama maji yale yale yanayotenganisha kisiwa kilichosafishwa na pwani iliyokataa. Kando ya barabara kuna mnara mdogo wa mawe unaotaja mapambano ya 1882.

Leo zipo krofti zaidi ya 20,000 nchini Uskoti, na mwenye krofti anatakiwa na sheria kuishi ndani ya kilomita 32 kutoka shambani kwake. Ni wachache mno wanaoishi kwa kilimo hicho pekee. Wengi wana kazi nyingine: shule, hospitali, ujenzi, nyumba za kupangisha watalii. Na watalii ndio tatizo jipya, maana tangu daraja la kuunganisha Skye na bara lifunguliwe mwaka 1995 bei za nyumba zimepanda hadi mtoto wa mwenyeji hawezi kushindana na mnunuzi kutoka London anayetafuta dirisha la kutazama Glamaig. Angus Stewart aliogopa kufukuzwa na notisi. Mjukuu wa vitukuu vyake angeogopa tangazo la dalali.

Tukiipima sheria ya 1886 kwa haki, iliwalinda waliokuwa bado wamesimama juu ya ardhi siku ilipopitishwa. Waliokwisha kutolewa Boreraig, Suisnish na Hallaig haikuwarudishia hata kipande kimoja, wala wasio na ardhi ndani ya vitongoji vyenyewe haikuwapa chochote cha maana. Braes ilipona kwa sababu ilikuwa bado ipo pale ilipopigana, na ilikuwa bado ipo kwa sababu kilichochukuliwa mwaka 1865 kilikuwa mlima tu, wenyewe wakaachwa.